Upenyo wa Bi Mkubwa

Barabara kuu ilianzia pale ndege zinapotua na kuishia pale wakubwa wanapokaa, na katikati ya vitu hivyo viwili muhimu kulikuwa na watu. Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake pekee. Ingepita mahali pasipo na watu, ingekuwa barabara safi kabisa, haina doa.

Ukitokea uwanja wa ndege ilikupokea kwa miti ya mapambo iliyoletwa na malori ikiwa tayari imeshakua, maana mgeni hawezi kungoja mti uote. Ikafuata hoteli ya vioo vitupu, kisha viwanda, kisha kituo cha mafuta, na mkabala wake kituo kingine cha mafuta, kana kwamba magari ya upande huu yalikuwa yamegombana na ya upande ule. Baada ya hapo barabara iliukuta mtaa wa watu wa kawaida, na haikupiga hodi. Iliupasua katikati. Upande wa juu zikabaki nyumba. Upande wa chini vikabaki soko, zahanati, shule na makaburi. Yaani upande mmoja watu walilala, na upande wa pili walifanya mengine yote, pamoja na kulala moja kwa moja.

Mwenyekiti wa mtaa huo alikuwa bwana mmoja mnene, anayetanguliza kifua, mwenye sauti ya kipaza sauti hata pale ambapo kipaza sauti hakikuwepo. Watu walimwita Lami. Walianza kumwita hivyo kisogoni, siku zile ambazo kila kikao alichoitisha, hata cha takataka, kiliishia kwenye habari za lami. Alipolisikia jina hilo, badala ya kununa akalipenda, akaanza kujitambulisha nalo kwenye simu. "Lami hapa!" Sasa mtu wa namna hiyo utamtukana kwa lugha gani?

Wahandisi walipokuja na kofia zao za plastiki na kutandaza michoro kwenye meza ya ofisi ya mtaa, yeye ndiye aliyekaa nao. Wananchi walijazana mlangoni na dirishani. Muuza mboga mmoja akauliza, "Sasa sisi tutavukia wapi?" Swali dogo tu, la mtu mwenye ndoo kichwani. Wahandisi wakatazamana. Mmoja wao akaanza kusema kwamba inawezekana kuacha upenyo na kuweka taa za kuvukia pale mbele ya makaburi. Mwenyekiti akamkata kauli.

"Barabara ya kisasa haina matundu," alisema. "Wageni washuke kwenye ndege waje waone ndoo? Jengeni daraja la juu. Watu wangu watapanda."

Alivyolitamka hilo "watu wangu" ungedhani anafuga mbuzi.

Daraja likajengwa. Lilijengwa mbali, kule kwenye vituo vya mafuta, kwa sababu huko ndiko kulikopatikana nafasi ya njia yake ya kupandia, iliyojikunja na kujikunja tena mpaka ukifika juu umeshasahau ulikuwa unakwenda wapi. Waendesha pikipiki walipoanza kulitumia, Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kudai zisimikwe nguzo fupi za chuma kwenye kila kona, na zikasimikwa. Katikati ya barabara, kuanzia mtaa unapoanza hadi unapoishia, ukawekwa uzio wa chuma wenye ncha kali juu. Ncha hizo pia alizidai yeye. Siku ya uzinduzi alisimama kando ya mgeni rasmi ameshika sahani ya mkasi, jasho linamtiririka, na hadi leo husema "nilipoizindua barabara".

Na wananchi? Wananchi walilipanda daraja siku chache, wakaishiwa pumzi, wakaja na msumeno wa chuma.

Tundu la kwanza lilitokea mbele ya makaburi, pale pale yule mhandisi alipotaka kuacha upenyo. Mwenyekiti akamwita fundi wa kuchomelea, likazibwa. Likatokea tena. Likazibwa. Fundi mwenyewe hakuwa na neno, kazi ni kazi, na wenye midomo walisema kwamba mchana alikuwa akiziba na jioni akiazimisha msumeno. Mwenyekiti alipandwa na hasira, akazunguka mtaa mzima na kipaza sauti chake. "Nitakayemkamata anapita tunduni, atanitambua mimi ni nani!"

Aliyemkamata alikuwa mama yake.

Huyo mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, alikuwa mwembamba, mkavu, mwenye mwendo wa haraka na ulimi wa haraka zaidi. Mumewe alikuwa amezikwa upande wa chini kabla barabara haijawa kuu, naye hakuacha kwenda kumfagilia na kumpa habari za mtaani. Mwenyekiti alimkuta katikati ya barabara, mguu mmoja huku, mwingine kule, fagio mkononi.

"Mama! Unaniaibisha mbele za watu."

"Nakuaibisha? Wewe umenifungia mume wangu kama kuku, halafu aibu iwe yangu?"

"Mama, daraja lipo."

"Lipande wewe mwenye shughuli. Mimi nikikata roho kwenye zile kona utawaambia watu nimekufa kisasa."

Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, hakuna aliyekuwa na haraka tena. Sasa, Mwenyekiti alimpenda mama yake. Hilo lazima lisemwe wazi, kwa sababu mengine yote yatamfanya aonekane hana moyo. Alimpenda na alimwogopa, na hivyo viwili vilimkosesha usingizi. Mwishowe akaja na uamuzi ambao hakuna kiumbe mwingine angeufikia. Alimpeleka fundi wa kuchomelea nyumbani kwa Bi Mkubwa akampime. Fundi akapima mabega, akapima nyonga, Bi Mkubwa akiwa amesimama katikati ya sebule anamwambia aharakishe, ana mboga jikoni. Kisha kwenye uzio ukakatwa upenyo wa kipimo hicho hicho, ukazungushiwa mapande manene ya chuma, juu, chini na kando, ili msumeno wowote utakaothubutu ubaki na mapengo.

"Mama apite," Mwenyekiti alimwagiza fundi. "Mwenye ndoo asipite, mwenye gunia asipite, na hayo mapande sitaki hata yatikisike."

"Na mtu mwembamba mwingine?"

Mwenyekiti alitafakari kwa uzito wa cheo chake. "Huyo tutamvumilia."

Basi mtaa ukagawanyika upya. Zamani walikuwepo wenye nyumba na wapangaji, sasa wakawepo wanaopita na wasiopita. Wembamba waliokuwa wakiitwa vijiti walipata hadhi, wakawa wanatumwa sokoni na majirani na kudengua kidogo kabla ya kukubali. Mshona nguo mmoja aliyejaliwa mwili alijaribu, akakwama kiunoni, akatolewa kwa sabuni ya kufulia. Bi Mkubwa alipita bila hata kugeuza bega. Mwenyekiti mwenyewe hakujaribu, angejaribu ili iweje? Yeye alipanda daraja lake taratibu, akisimama kila kona kupumua, na akimwona mtu kule chini anajifanya amesimama kumsalimia.

Kisha Bi Mkubwa akaugua. Kifua kilimbana, na kila alipokohoa Mwenyekiti aliyekaa kando ya kitanda alijikuta naye anashika kifua chake. Akahamia hapo mdogo wake Bi Mkubwa, ambaye Mwenyekiti alimwita mama mdogo, mwanamke aliyefanana na dada yake kwa kila kitu, ulimi ukiwemo. Kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kuwafukuza wageni waliokuja kumjulia hali mgonjwa na kuanza kuzungumza na Mwenyekiti habari za viwanja.

Asubuhi moja Bi Mkubwa alimshika mwanawe mkono.

"Nitalala kando ya baba yako."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nyamaza, leo nasema mimi. Wewe husema kila siku. Nitalala kando ya baba yako, na atakayenishusha ni wewe. Ushike kichwa. Sitaki kupokewa na mtu baki."

"Nitashika, mama."

"Usije ukatuma mtu."

"Situmi mtu."

"Wewe kwa kutuma watu sijaona mwenzio."

"Naapa, mama. Mikono yangu mwenyewe."

Akamtazama kwa muda, kama anayepima kiapo kile kina uzito gani, halafu akaomba maji. Hakukaa sana baada ya hapo. Mwenyekiti alilia kama mtoto, uso ameuzika kwenye shuka, bila kujali nani anamwona, na mama mdogo akamwacha alie mpaka kilio kikaisha. Lau angebaki hivyo hadi makaburini, mtaa mzima ungemsamehe mengi. Lakini alipangusa machozi, akapenga kamasi, akakumbuka kwamba yeye ni Mwenyekiti.

Mtu wa kwanza aliyemwita ni seremala. Huyu seremala alikuwa na kipaji kimoja, cha kukubaliana na mteja.

"Nataka jeneza la heshima," Mwenyekiti alisema.

"Heshima ya kiasi gani?"

"Wanaopita barabarani walione."

"Hapo umenena, Mwenyekiti. Hapo umenena kabisa."

Likatoka jeneza la mbao ngumu, kifuniko kimevimba, mishikio inang'aa, na pembeni limezungushiwa mapambo yaliyojitokeza kama yale ya kabati la sebuleni. Bi Mkubwa alilazwa humo akapotea. Palibaki nafasi ya jirani.

Mtu wa pili aliyeitwa alikuwa Ofisa wa Barabara, mwenye kazi ya habari na picha. Masikini ofisa huyo alikuwa na balaa lake. Wakubwa wake walikuwa wakimuuliza kila mara mbona daraja halina watu, na picha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ya mbuzi wawili wamepumzika kwenye kona ya kivuli. "Njoo na mpiga picha," Mwenyekiti alimwambia kwenye simu, sauti bado ina kilio. "Lami hapa. Mtaa mzima utavuka juu."

Mama mdogo aliposikia aliacha kukunja nguo za marehemu.

"We mtoto, una akili sawasawa? Itafutwe pikapu, tutoke alfajiri, tuzunguke kule viwandani kwenye kugeuzia magari, turudi kwa upande wa pili kabla foleni haijaamka. Basi."

"Mama mdogo, mama yangu hawezi kwenda kuzikwa kwa kujificha."

"Nani kasema kujificha?"

"Ni heshima yake."

"Ni heshima ya nani?"

 Mwenyekiti alikuwa anapokea simu nyingine.

Siku ya mazishi jua lilitoka mapema na ukali wake. Msafara ukatoka nyumbani kwa Bi Mkubwa, ukashika kando ya barabara kuelekea darajani. Mbele jeneza lilishikwa na seremala na wenzake, seremala akitembea kama bwana harusi. Nyuma, upande wa kichwa, alishika Mwenyekiti mwenyewe, suti nyeusi, viatu vinametameta. Hapo alikuwa mkweli. Alisema atashika kichwa, na alishika, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli. Shida ni kwamba mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, kwa hiyo mjumbe wake mmoja alitembea kando yake akimshikia kipaza sauti mdomoni.

Kona ya kwanza walipita kwa kukwaruza. "Rangi! Rangi jamani!" seremala akapiga kelele, na wengine wakadhani ni jina la mtu aliyekanyagwa. Kona ya pili ilikuwa kali zaidi, na nguzo yake ilisimama katikati kabisa, imara, haina hata kutu. Jeneza likaingia, likageuka nusu, likagoma. Pambo la mbele lilikuwa limejipachika nyuma ya nguzo. Pambo la nyuma lilikuwa limepanda ukingo. Walisukuma, likaingia zaidi. Walivuta, likalia.

"Nyanyueni mbele!" Mwenyekiti alinguruma kwenye kipaza sauti. "Shusheni nyuma! Kushoto! Kushoto kwangu, siyo kwenu! Nendeni kushoto!"

Chini barabarani madereva wakainua macho, wakaona watu wengi, wakasikia amri, na baadhi yao wakaenda kushoto. Pakasikika kishindo cha gari kugusa gari, halafu honi, halafu matusi.

Juu, watu wa mbele walikuwa upande mmoja wa jeneza, watu wa nyuma upande mwingine, na jeneza limeziba njia kama kizibo cha chupa. Ofisa wa Barabara alijikausha jasho na kumwambia mpiga picha ageukie mandhari ya mji. Mwenyekiti akamwita fundi wa kuchomelea aje aikate ile nguzo.

"Nitaikata na nini, Mwenyekiti? Mashine inataka umeme."

"Si hizi hapa taa za barabara!"

"Hizi? Hizi ziliwaka siku ya uzinduzi."

Ndipo seremala, akiwa upande wa pili, akatoa wazo. Alilitoa kwa moyo safi kabisa, mtu anayependa kazi yake isiharibike. "Tumsimamishe," alisema. "Tukilisimamisha wima, linapita bila kukwaruzika."

 Mjumbe alishusha kipaza sauti.

"Mumsimamishe nani?"

Ilikuwa sauti ya mama mdogo. Alikuwa anapanda kutoka nyuma, akipenyeza kati ya watu, na waliomwona uso walijibana ukingoni wenyewe.

"Nauliza, mumsimamishe nani? Dada yangu hakusimamishwa na mtu alipokuwa mzima, leo mumsimamishe kwenye kona ya daraja kama kabati linalohamishwa? Fungueni."

"Mama mdogo, ngoja kidogo tu, tutapata namna—"

"Namna umeipata wewe, na hii hapa imekwama. Fungua nimesema!"

Likafunguliwa. Wanawake wakainua shuka pande zote kuwa ukuta, na nyuma ya ukuta huo Bi Mkubwa akatolewa, amefungwa sanda yake na mkeka, mwembamba kama alivyokuwa, mwepesi hivi kwamba aliyejiandaa kubeba kwa nguvu alijikuta ameinua mno. Mwenyekiti akashika kichwa. Alikishika kwa mikono miwili, akakiweka kwenye kifua chake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamwambia mjumbe aondoe kile kitu mdomoni mwake.

Wakateremka. Wakapita kando ya barabara kurudi walikotoka, mpaka pale mbele ya makaburi. Waendesha pikipiki walikuwa hapo. Hawa Mwenyekiti aliwahi kuwafukuza kijiweni kwao kwa kosa la kuharibu sura ya barabara, na hakuna aliyewaomba chochote. Waliona tu mkeka unakuja, wakaingiza pikipiki zao barabarani na kuzilaza katikati ya njia, za kwenda na za kurudi. Magari yakasimama. Honi zikaanza nyuma kabisa, kwa wale ambao hawakuona kitu.

Mama mdogo alipita upenyoni kwanza. Wakafuata waombolezaji wembamba, wengine kwa kujikunja, na fundi wa kuchomelea, ambaye alikuwa ngozi na mifupa, akapita mara moja na kugeuka kupokea. Miguu ikaingia. Kiuno kikaingia. Mabega yakaingia bila kugusa chuma huku wala kule, maana kipimo kilikuwa chake. Kikabaki kichwa, na kichwa kilikuwa mikononi mwa Mwenyekiti.

"Leta, Mwenyekiti," fundi alisema, mikono ameitanguliza.

Mwenyekiti hakuleta. Alikuwa ameingiza mikono yote miwili upenyoni hadi viwikoni, kichwa cha mama yake kikiwa upande wa pili na yeye upande huu.

"Mwanangu, achia," mama mdogo alisema, safari hii kwa upole. "Utashika tena huku. Pita upesi."

Akaachia. "Shika vizuri," alimwambia fundi. "Polepole, shika vizuri." Halafu akageuza bega, akaingiza mkono, akaingiza bega, na hapo kifua kikafika kwenye pande la chuma na kukataa. Akavua koti, akajaribu tena. Akavuta pumzi ndani, akajaribu kwa ubavu, kitambi kikamrudisha. Kifungo cha shati kikaruka kikaangukia upande wa makaburi, na kikawa ndicho kitu pekee cha Mwenyekiti kilichovuka.

"Kata!" alimfokea fundi. "Kata hiki chuma!"

"Bwana mkubwa, na nini? Na hata nikileta chombo, chuma hicho ni kazi ya kutwa nzima. Uliniambia kisitikisike."

Akatazama juu kwenye ncha za uzio, akashika chuma kana kwamba atapanda, akaziona vizuri kwa mara ya kwanza zilivyo kali. Akatazama darajani. Jeneza lilikuwa palepale, linang'aa, watu wamelizunguka wanabishana. Wakati huo filimbi za polisi zikaanza kusikika kutoka upande wa uwanja wa ndege. Mgeni fulani mkubwa alikuwa ametua.

"Wanakuja!" mwendesha pikipiki mmoja akapaza sauti. "Jamani, tokeni, hawa hawasimami!"

Pikipiki zikanyanyuliwa chapuchapu. Waliokuwa upande wa makaburi wakambeba Bi Mkubwa wakavuka mbio hadi ng'ambo, waliokuwa upande wa nyumba wakarudi mbio hadi kando.

"Nisubirini!" Mwenyekiti alipiga kelele. "Mama mdogo! Nisubirini, nakuja!"

"Mwanangu, jua hili ni kali!" mama mdogo alijibu bila kusimama. "Njoo upesi!"

Angekuja vipi? Magari yaliyokuwa yamezuiwa yaliachiwa yote kwa pamoja, yenye hasira, nyuma yake na mbele yake, na yeye akabaki pale katikati kwenye ukanda wa saruji, mgongo kwenye upepo wa malori, tumbo kwenye uzio. Kurudi, hapana. Kwenda mbele, hapana. Hiyo ndiyo ilikuwa barabara aliyoipigania, inakwenda vizuri kabisa, haina hata sekunde ya kumpa mtu avuke.

Halafu msafara ukapita. Magari meusi, vioo vyeusi, bendera ndogo zinapepea. Mwenyekiti alikuwa shati wazi, uso umelowa, mkono mmoja umeshika chuma. Na mkono wa pili, Mungu amsamehe, mkono wa pili ulijiinua wenyewe ukapunga. Alishtuka alipouona uko juu. Akaushusha, lakini ulikuwa umeshapunga.

Makaburi yalikuwa kwenye mteremko ulioelekea barabarani, na kutokea pale alipokuwa aliona kila kitu. Aliona watu wamesimama wakingoja, wanageuka kumtazama, wanatazamana. Akawapungia kwa koti lake, akiwaomba wangoje bado. Aliona mama mdogo anaweka kiganja juu ya macho kukinga jua, anatazama barabarani kwa muda mrefu. Kisha akaona amegeuka na kuwaashiria kwa kichwa wale waliokuwa kando ya kaburi. Mtu mmoja akaingia ndani ya kaburi, akafuata mwingine. Mwenyekiti alijitahidi kuwatambua ni nani, akashindwa, kwa kuwa kila alipokaza macho lori lilipita. Lori likapita, mkeka upo juu mikononi mwa watu. Lori likapita, mkeka haupo.

Alilia pale. Alilia kwa sauti yake yote, ile iliyokuwa ikitosha kikao kizima, na hakuna aliyeisikia kwa sababu ya injini.

Walipomaliza, watu walirudi kwa njia ile ile. Walingoja magari yapungue, wakavuka wachache wachache hadi kwenye uzio, viatu vina udongo. Kila aliyefika upenyoni alimkuta Mwenyekiti amesimama mbele yake, na kila mmoja alimpa mkono kupitia kwenye vyuma kwa adabu inayotakiwa. "Pole sana, Mwenyekiti." "Pole, Mwenyekiti, ndiyo safari yetu sote." Alikuwa akiitikia, "Asante, nimepoa," huku akitazama mikono yao.

Mama mdogo alifika wa mwisho. Hakutoa pole. Alisimama upande wake wa uzio, amechoka, mzee kuliko asubuhi ile.

"Nani kamshusha?" Mwenyekiti aliuliza.

"Waliokuwepo."

"Kichwa alishika nani?"

"Waliokuwepo, mwanangu." Akashika chuma, akainua mguu wake upite. "Sogea basi. Umeziba njia."

Naye akasogea.